Mbu Hawapandi Mlima

Baba mkwe wangu alikuwa na sheria moja nyumbani kwake, na kwake ilikuwa nzito kuliko sheria zote za serikali: mtu akitoka Bungoma, mzigo wake hauingii ndani siku hiyo. Begi linafunguliwa uani, nguo zinakung'utwa moja moja, kisha zinaanikwa kwenye waya zilale nje zipigwe na baridi mpaka asubuhi. Blanketi hali kadhalika. Hata leso niliyombebea mtoto mgongoni ilibidi niivue na kuitundika hapo nje, mtoto akilia na upepo wa Mlima Elgon ukimpiga miguu.

"Baridi ya hapa inamaliza mbu," alikuwa akisema. "Hata kama imejificha kwa pindo." Kisha angeongeza methali yake aliyoipenda: "Kikulacho ki nguoni mwako." Akacheka. Na wote wakacheka, nami nikacheka kwa sababu nilikuwa bibi mpya na bibi mpya hana meno ya kuuma.

Nitamwita Guka, kama wajukuu walivyomwita. Alitoka kwao Kenya ya kati akiwa kijana, akaja Trans-Nzoia kutafuta kazi mashambani, na baadaye yeye na wenzake wakanunua ardhi kule juu, mbali na barabara ya Suam, mahali ambapo asubuhi ukitoka nje pumzi yako inaonekana. Alijivunia baridi ile kama mtu anavyojivunia ng'ombe wa gredi. Baridi ndiyo iliyomlelea watoto wake wote bila homa. Kule mlimani, alisema, malaria ilikuwa jambo la kusikia redioni.

Mimi nilizaliwa Myanga, huko Bungoma. Nilikuja Kitale kujifunza kushona, nikawa na cherehani yangu kwenye veranda ya duka moja la mtaa wa Matisi, na hapo ndipo kijana mmoja dereva wa trekta alipokuja kurekebishiwa suruali ambayo haikuwa na shida yoyote. Alirudi na nyingine, nayo nzima. Ya tatu ilipokuja nikamwambia aseme anachotaka. Alisema, na mwaka uliofuata nikapandishwa mlimani.

Sasa, mtu wa Myanga amelelewa na wadudu. Sisi tulikuwa na kichuguu chetu nyuma ya nyumba, na msimu wa kumbikumbi ulipofika, mama yangu aliketi pale akagonga vijiti juu ya gogo, tratatatata, taratibu, mpaka wale wa chini wakadhani ni mvua na kuanza kutoka. Majirani walikuwa na vichuguu vyao, na kugusa kichuguu cha mtu mwingine ilikuwa sawa na kumwibia kuku. Tulikula kumbikumbi wabichi, tukala wa kukaanga. Na wakati tunakula, mbu walitula sisi. Malaria tuliizoea kama familia inavyomzoea mjomba mlevi: anakuja bila kualikwa, anavuruga nyumba, anaondoka. Mara nyingine anaondoka na mtu.

Ukipanda kutoka kwetu kwenda Kitale, halafu ukaendelea mpaka kule kwa Guka, ungeweza kufumba macho ukajua umefika wapi kwa wadudu tu. Bungoma inzi wanakupokea stendi. Kitale wamepungua, na kumbikumbi si wale wa kujaza karai. Kule juu kabisa mwaka ule nilioolewa kulikuwa na viroboto wa kutosha, na nyuki weusi wapole wasio na haraka, na basi. Jioni ilikuwa kimya. Usiku wangu wa kwanza nililala nikisikiliza, nikashangaa nini kinakosekana, mpaka nikaelewa kwamba hakuna kitu kinachoniimbia sikioni.

Kwa hiyo nasema mapema, ili mtu asidhani namsingizia marehemu: Guka hakuwa mwongo. Alichokisema kilikuwa kweli zamani, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Mwongo unaweza kumshika. Mtu aliyekuwa sahihi zamani hashikiki, kwa maana ana ushahidi.

Mlima ulikuwa unabadilika, na aliyetaka kuona aliona. Mama mkwe wangu, Cucu, aliacha blanketi la pili. "Siku hizi baridi imekuwa mvivu," alisema. Ndizi ambazo zamani zilikaa mgombani mpaka zikasahaulika, zilianza kukomaa. Fukusi waliingia ghalani kabla hatujamaliza kula nusu ya mahindi, na Guka akalaumu magunia, ati yaliletwa kutoka chini. Halafu asubuhi moja baada ya mvua, nikiwa nimebeba mimba ya kwanza, niliona kumbikumbi wakitoka ardhini kando ya zizi. Walikuwa wachache, wanyonge, lakini walikuwa kumbikumbi. Nilipiga kelele za furaha kama mtoto, nikainama kuwaokota, kisha nikaacha katikati. Nilijua hawa huwa hawatembei peke yao. Palipo na joto la kumtoa kumbikumbi, mbu hayuko mbali.

Nilimwambia Guka. Alinitazama kwa huruma.

"Mama, hao umewaona ni hamu ya mimba."

Mtoto wangu alipozaliwa, msichana, mama yangu alimletea chandarua. Alinipa na maneno pia, alipokuja kuniona hospitalini: "Huyu damu yake haijui malaria. Sisi tumeumwa tangu utoto, mwili umejifunza kupigana. Huyu wa baridi akiumwa, itamkuta kama nyumba isiyo na mlango. Mlaze ndani ya hii." Nilikipandisha chandarua kile mlimani. Kililala nje kwanza, bila shaka, kikapigwa na baridi. Asubuhi nilipoenda kukichukua sikukiona wayani. Nilikikuta bustanini, kimetandazwa vizuri sana juu ya miche ya kabichi ili kuku wasiidonoe.

"Si huku hakuna mbu," Cucu alisema, akishangaa kwa nini macho yangu yamejaa machozi. Hakufanya kwa ubaya, na hilo liliniudhi zaidi.

Chini ya shamba kulikuwa na kinamasi cha mafunjo, baridi na giza, vyura tupu. Guka alikuwa akijenga nyumba ya matofali, nyumba ya kuzeekea, na udongo wa pale ulikuwa mzuri. Akafyeka mafunjo yote, akaleta vijana wa kufyatua matofali, wakachimba mashimo. Nyumba ikaisha, majirani nao wakataka matofali, mashimo yakaongezeka. Mvua ikayajaza. Jua, ambalo sasa halikuwa na mafunjo ya kulizuia, likayapasha. Ukitia mkono mchana, maji yale yalikuwa vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto.

Nilienda kuchungulia. Nimechungulia madimbwi tangu nikiwa na miaka ya kuchunga ndama. Walikuwamo watoto wa mbu, wamelala bapa juu ya uso wa maji, wembamba kama vipande vya uzi uliokatwa, na kivuli changu kilipowapitia wakarukaruka wakazama. Hao ndio wenyewe. Wale wa mbu wengine huning'inia kichwa chini. Hawa wa malaria hulala bapa. Hilo Myanga hata mtoto wa nasari analijua.

Nikateka karai zima, nikalipandisha mpaka kwa Guka aliyekuwa anaota jua mbele ya nyumba yake mpya. Nikaliweka miguuni pake.

"Baba, tazama."

Alivaa miwani. Alitazama muda mrefu, kwa uangalifu, sina la kumlaumu hapo.

"Hao ni watoto wa chura," akasema.

"Si watoto wa chura, Baba. Hao ni mbu."

"Mama, mimi nimekaa hapa kabla hujazaliwa. Chura nazijua. Mbu haiwezi kupanda mlima, kifua yake ni kidogo."

Na akamwaga lile karai kwenye waridi zake. Kifua cha mbu ni kidogo! Nimelirudia neno hilo maisha yangu yote, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, na bado halijanitoka moyoni. Mume wangu alikuwapo. Alisema, "Baba anajua hii mahali," kisha akaenda kutafuta spana. Msimu wa kulima ulikuwa umeanza. Kesho yake akaondoka na trekta.

Mbu wa kwanza ndani ya nyumba nilimwona magharibi moja ukutani, juu ya kitanda cha mtoto, amesimama kichwa chini na makalio juu, mkao wao ule wa dharau. Nilimpiga kwa kiganja. Damu ilitoka. Nilijua si yangu.

Homa ilimpata mtoto baada ya mvua ndefu, akiwa ameanza kutembea. Ilikuja na mtetemeko, ikaenda, ikarudi. Alitapika maziwa, akakataa uji. Nilikuwa nimeuguza wadogo zangu watano. Sikuhitaji mtu kuniambia. Nikambeba mpaka zahanati, mwendo wa kuteremka kisha kupanda.

Aliyetuhudumia tulimwita daktari, kama tunavyomwita kila aliye na koti jeupe. Alikuwa kijana, mchovu, si mtu mbaya. Aliuliza swali alilomwuliza kila mtu.

"Mmetoka wapi?"

"Hapa juu tu."

"Mlienda Bungoma hivi karibuni? Busia? Kisumu?"

"Hapana. Tangu Krismasi hatujashuka."

"Basi hiyo ni baridi. Imeingia kifua. Mvalishe vizuri."

"Daktari, mpime malaria."

"Mama, huku hakuna malaria. Nikipima kila mtoto, vipimo vya wagonjwa wenyewe nitatoa wapi?"

Akanipa dawa ya maji ya kikohozi, ya rangi ya waridi. Mtoto wangu hakuwa na kikohozi. Nilirudi nayo nyumbani nikimnywesha utamu ule, na Cucu akamvalisha sweta tatu juu ya mwili uliokuwa unawaka. Nilivua sweta, akamvalisha. Nikavua. Siku nzima tukawa tunamvalisha na kumvua mtoto kwa zamu.

Alipoanza kulegea shingo nilimbeba tena. Sikumuaga yeyote. Nilipofika zahanati benchi lilikuwa limejaa, na mbele yangu alikuwa mama mmoja mchuuzi wa ndizi, na mtoto mwenye homa ya kawaida tu, anayecheza na ufunguo. Dirisha la chumba lilikuwa wazi, tukasikia kila kitu. Mmetoka wapi? Bungoma, juzi. Peleka huyu maabara. Ilikuwa rahisi hivyo. Mtoto anayecheza na ufunguo akapelekwa kupimwa damu, na wangu, asiyeweza kushika kichwa chake, alikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi.

Zamu yangu ikafika.

"Mmetoka wapi?"

"Bungoma," nikasema. "Tumefika jana."

Sikuhisi aibu hata chembe. Nilihisi hasira ikinipanda kutoka miguuni, kwa sababu nilikuwa nimelazimika kusema kwa mdomo wangu lile waliloniambia miaka yote, kwamba ugonjwa unatoka kwetu na ninauleta mimi kwa pindo la nguo.

Damu ikapimwa. Ilikuwa malaria, na nyingi. Wakamlaza, wakamtundikia maji yenye dawa. Daktari alikuja kunisimamia kando ya kitanda akatikisa kichwa. "Nyinyi watu wa Bungoma bana. Mnatubebea hii kitu kutoka huko, na hawa watoto wa huku hawaiwezi." Mtoto alifungua macho siku iliyofuata akaomba ndizi, na kwa ndizi ile ningenyamazia hata tusi kubwa kuliko hilo.

Lakini mlimani habari haihitaji gari. Wa maabara aliabudu kanisa moja na Cucu. Tulipofika nyumbani Guka alikuwa ameshaketi, na mume wangu ameitwa kutoka mashambani.

"Nimesikia imepatikana," Guka akasema. "Na nimesikia pia umesema ilitoka wapi. Si umesema mwenyewe?"

"Nilidanganya ili apimwe."

"Ulidanganya daktari?"

"Ndiyo."

"Basi nitajuaje kama hunidanganyi mimi sasa?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake. Ikaamuliwa hapo hapo kwamba mtoto hatashuka tena Bungoma mpaka akue, na kwamba hata mimi nipunguze. Nyani haoni kundule: mashimo yalikuwa mita chache tu chini ya kikao chetu, yanameremeta jua. Nilipiga kelele siku ile. Niliyasema yote, mashimo, karai, kifua cha mbu, chandarua cha kabichi. Cucu alilia. Guka alingoja nimalize, kisha akasema kwa upole kwamba mtoto akiugua, mama huchanganyikiwa.

Kitu kimoja nilikipata. Niling'oa chandarua bustanini mchana kweupe, nikakifua, nikakishona palipochanika, na hakuna aliyethubutu kunifungulia mdomo. Mtoto akalala ndani yake. Ila chandarua ni kimoja na mlima ni mkubwa.

Baadaye sana muuguzi mmoja wa Bungoma alinieleza mambo ambayo sikuyajua. Kwamba mbu wa malaria hazaliwi na ugonjwa. Anaunyonya kwa mgonjwa, na vijidudu vinakaa tumboni mwake vikikomaa. Penye baridi vinakawia sana, na mara nyingi mbu anakufa kabla havijawa tayari. Mayai yake nayo yanachelewa. Baridi haikuwa inamuua mbu wa Guka. Ilikuwa inampotezea muda tu. Ongeza joto kidogo, hata lile la kumfanya mzee aache blanketi la pili, na mpe maji yaliyopashwa na jua, naye anawahi. Nilipoelezwa hivyo nilitamani nipande mlima siku hiyo hiyo nikalitangaze kwa tarumbeta. Lakini wakati huo ilikuwa imeshachelewa kwa mtu mwingine.

Shamba lililopakana nasi lilikuwa la mama mmoja kijana, mwimbaji wa kwaya, mzaliwa wa pale pale juu. Mbali zaidi alikowahi kufika ni Kitale mjini. Alikuwa rafiki yangu. Aliniletea maziwa wakati wangu alipougua. Mvua zilizofuata mwanawe mdogo wa kiume akapata homa, nami nikaitambua nikiwa bado mlangoni.

"Ukifika zahanati," nikamwambia, "sema mmetoka Bungoma jana."

"Na hatujatoka?"

"Sema tu. Usiposema hawampimi."

Alinitazama kama niliyemwambia aibe sadaka.

"Mama, mimi nimeokoka. Siwezi danganya daktari na mtoto yuko mgonjwa. Mungu ataona nini?"

"Mungu anaona mashimo ya matofali! Sema Bungoma!"

Nilitaka kwenda naye, akakataa, ati nitasema badala yake. Akaenda peke yake. Akaulizwa, akajibu ukweli. Akarudi na dawa ya maji ya rangi ya waridi.

Mtoto alizikwa Jumamosi. Mhubiri alisema Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Nilisimama nyuma na mikono nimeikunja, kwa sababu nilijua alichotwaliwa nacho na nilijua kilikozaliwa, na mtu aliyechimba mashimo yale alikuwa amesimama mstari wa mbele na kofia mkononi, akilia machozi ya kweli. Sikumwonea huruma. Mpaka leo naulizwa na watoto wangu kama nilimsamehe babu yao, nami hujibu kwamba sijafika hapo. Watu walipokuwa wanaondoka Guka alimkaribia yule mama, akamshika mkono, akamwuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyekuwa amewatembelea kutoka chini. Nilimsikia. Nikatoka pale kabla sijaharibu matanga ya watu.

Miezi ikapita. Nilikuwa zahanati, nimempeleka wangu wa pili kupimwa uzito, benchi lile lile la mbao, dirisha lile lile wazi. Yule mama wa kwaya alikuwa mbele yangu na msichana wake mkubwa amefunikwa shuka, anatetemeka. Hatukusalimiana sana, tangu msiba alikuwa amenyamaza. Akaingia.

"Mmetoka wapi?"

"Bungoma," akasema. Sauti yake ile ya kwaya, safi, haikutikisika. "Jana jioni."

"Bungoma wapi?"

Kalamu ya daktari ilikuwa imesimama. Hakujua jina la kijiji hata kimoja cha Bungoma, angejulia wapi? Aligeuka, akanitafuta kwa macho kupitia dirishani.

"Myanga," nikasema kwa sauti kutoka kwenye benchi. "Walikuwa kwetu Myanga."

"Myanga," akasema yeye.

Daktari akanitazama, akatikisa kichwa, akaandika kipimo cha damu. Msichana alipona. Mama yake hajafika Myanga mpaka leo.